Hisabu ya Stimu na Mbega wa Diani

Mbega wa Diani, mnyama mweusi mwenye mabega meupe na mkia mrefu, hushinda juu ya miti ya msitu uliosalia baina ya hoteli na barabara kuu, na kwa kuwa waya za stimu zimepita katika miti hiyohiyo, naye huzipanda kama apandavyo matawi. Aghalabu husalimika, lakini mara nyingine huanguka maiti. Shirika la Colobus Conservation, lililoasisiwa mwaka 1997 kwa jina la Wakuluzu, limeshirikiana na Kenya Power kukata matawi na kuzivika waya gamba la kuhami, na hisabu ya kazi hiyo yote imo katika kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827: volti ukizigawa kwa ampea utapata ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Volti ukizizidisha kwa ampea, utapata wati.

Mbona basi kunguru hutua juu ya waya ulio wazi asidhurike? Tuseme waya una omu 0.6 kwa kila kilomita, na ampea 100 zapita ndani yake. Baina ya miguu ya kunguru, iliyoachana sentimita 5, pana omu 0.00003 tu, zidisha kwa 100, nazo ni volti 0.003, akali ya kitu. Mbega ni mrefu, mkono wake hushika waya mmoja ilhali mguu uko juu ya wa pili, na baina ya fezi mbili pana volti 415. Tukiukadiria mwili wake kuwa na omu 1,000, kadirio ambalo mafundi hulitumia kwa mwanadamu nami nalichukua kwa mfano, mkondo utakuwa ampea 0.415, na nguvu wati 172.

Wati 172 ni chache mno, na hilo ndilo la kutia hofu. Birika la wati 2,000 katika jiko la hoteli, kwa volti 240, huvuta ampea 8.3, yaani ukinzani wake ni omu 29 hivi. Mbega anayekufa hatumii hata sehemu ya kumi ya nguvu ya birika hilo. Fyuzi ya njia, iliyowekwa kuvumilia mabirika ya mtaa mzima, haina habari naye, na moyo huweza kuharibika kwa sehemu chache za mia za ampea moja.

Iliyobaki ni kuongeza ukinzani. Gamba lenye omu 1,000,000 huushusha mkondo ule hadi ampea 0.0004, ambao hata mwanadamu huuhisi kwa tabu. Lakini gamba huchakaa kwa jua na chumvi ya bahari, kwa hiyo fundi hulipima kwa volti 500: mkondo ukiwa ampea 0.0001, gamba lina omu 5,000,000, nalo ni zima; ukiwa 0.001, limebaki na 500,000, nalo halifai tena.

Na hisabu hiyohiyo yaonyesha kikomo cha gamba. Penye njia ya volti 11,000, mwili mtupu hupitisha ampea 11, wati 121,000, nao ni moto. Na hata gamba la omu milioni moja litaacha ipite ampea 0.011, inayotosha kuikaza misuli mkono usiweze kuachia. Huko gamba la namna hii halitoshi, na matawi hayana budi kukatwa kila yanapochipua baada ya masika.