Neno "Elimu Jumuishi" na Shule Zetu za Usambara

Siku hizi neno "elimu jumuishi" halikosekani katika mikutano ya shule. Mwaka 2009 Serikali yetu ilitoa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, uliokusudiwa kufika mwaka 2017. Kisha ukatolewa mwingine, kuanzia mwaka 2021. Maana yake kwa maneno machache ni hii: mtoto asiyeona, kiziwi, mlemavu wa viungo, na yule anayeelewa polepole, wote wasome pamoja na wenzao. Sisi twalikubali neno hili. Lakini yatupasa kulipima, maana neno likisemwa sana pasipo kupimwa hugeuka kuwa salamu tu.

Wasomaji wetu wa milimani walijua jambo hili kabla ya mikakati kuandikwa. Irente, karibu na mji wa Lushoto, pana shule ya wasioona tangu mwaka 1963. Lwandai, upande wa Mlalo, pana shule ya viziwi. Irente hiyo hiyo pana shule ya Rainbow, ya watoto wenye usonji na ulemavu wa akili. Zote ni kazi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Tena Magamba, mwaka 2007, kilifunguliwa chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, nacho kikaanza kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Basi hatuna udhuru wa kusema kwamba ujuzi haupo. Upo, tena hauko mbali. Lawama yetu ni kwamba ujuzi huo umekaa nyuma ya ua.

Wako wasemao kwamba shule hizi za pekee ndizo kosa lenyewe, kwa kuwa humtoa mtoto kwao angali mdogo, akarudi wakati wa likizo kama mgeni, hajui njia ya shambani wala majina ya watoto wa jirani. Neno hilo lina kweli ndani yake, wala hatulikatai. Lakini na tuulize: zisingalikuwako shule hizo, nani angalimfundisha mtoto wa Usambara kusoma nukta nundu kwa vidole? Shule ya kijijini isingaliweza, na nyingi hata leo haziwezi. Kwa hiyo hatutaki zifungwe. Twataka milango yake ifunguliwe, walimu wake watembelee shule za jirani, na mwalimu wa kijijini akae kwao majuma machache ajifunze.

Tazameni jambo moja la ajabu. Baraza la Mitihani humpa mtahiniwa mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa, na asiyeona humpa ya nukta nundu, tena huwaongezea muda. Ni vema sana. Lakini mtoto huyo huyo amekaa darasani miaka mingi akinakili kutoka ubao asioweza kuuona! Mtihani umekwisha kujifunza lile ambalo darasa halijajifunza. Na kuandika herufi kubwa ubaoni, na kusoma kwa sauti kila linaloandikwa, kunahitaji fedha gani?

Hatusemi kwamba kazi ya mwalimu ni nyepesi. Michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, watoto wengi mno waliandikishwa darasa la kwanza, na kanuni ya wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja ikabaki kanuni ya karatasini katika shule nyingi. Mwenye watoto mara mbili ya hao hawezi kumjua kila mmoja. Hapo ndipo mikakati yetu inapopungukiwa: yamdai mwalimu moyo mwema, lakini haimpunguzii mzigo.

Tena tofauti za watoto si za viungo tu. Kiswahili ndicho lugha ya shule za msingi tangu mwaka 1967, nasi twakipenda, la sivyo tusingeandika hapa. Hata hivyo mtoto wa kijiji cha ndani huko Mtae huingia darasani na Kishambaa chake, na mwenzake wa Kimbugu na lugha ya Wambugu. Mwalimu akimweleza neno moja kwa lugha ya nyumbani, hutazama mlangoni kwanza kama aibaye. Kwa nini? Kiziwi wa Lwandai hakupungukiwa na akili. Akiletwa katika shule ya kawaida atapungukiwa na mwalimu ajuaye lugha ya alama. Mtoto wa Mtae, siku zake za kwanza, yu karibu na hali hiyo hiyo, wala hakuna amhesabuye.

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, tulimkuta mvulana mwenye ualbino ameketishwa nyuma, karibu na dirisha, "apate mwanga". Wengi wenye ualbino wanaona, ila macho yao ni hafifu na mwanga mkali huwaumiza; kwa hiyo mahali pale palikuwa pabaya kupita pote. Katika ripoti ya shule aliandikwa mvivu. Tulizungumza na mwalimu wake, mtu mwema, naye akakiri kwamba chuoni hakuna aliyepata kumwambia habari hiyo. Kesho yake alimhamishia dawati la mbele, upande wa ukuta, akamruhusu kuvaa kofia darasani. Tuliporudi muhula uliofuata, mvulana alikuwa akibishana na mwalimu juu ya hesabu ya sehemu, na hesabu yake ndiyo iliyokuwa sawa.