Utando Unaotenganisha Mafuta ya Karafuu

Katika kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) kilichopo Wawi, Chake Chake, Pemba, makonyo ya karafuu hukenekwa kwa mvuke mpaka yatoe mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ile inayotia ganzi jino linalouma. Nyuma yake huja kariofilini na yujenili asetati. Mafuta ya karafuu zenyewe yana asetati nyingi. Ya makonyo na ya majani yana kidogo. Kwa hiyo anayechanganya mafuta ya majani na ya karafuu ili auze kwa bei ya juu hafichuliwi na yujenoli, kwani pote imejaa. Hufichuliwa na hiyo asetati, na kuipima sawasawa ni kazi ya kromatografia ya gesi.

Chombo chenyewe kina kolamu: bomba jembamba la silika, mara nyingi la mita 30, lenye upana wa milimita 0.25 kwa ndani. Ukuta wake umepakwa utando wa robo ya maikromita. Huo ndio uitwao awamu tuli. Gesi husukuma mvuke wa mafuta, na kila kiungo hucheleweshwa kwa kadiri kinavyoshikana na utando. Hata mashine iwe nzuri kiasi gani, utando usiofaa hauna dawa, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mkemia anayejua kuuchagua.

Utando wa polisiloksani yenye fenili asilimia 5 hufuata zaidi kiwango cha kuchemka. Ni mvumilivu, hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 300. Yujenoli hutoka kwanza, kisha kariofilini, kisha asetati. Lakini yujenoli ikiwa nyingi hivyo, kilele chake kwenye mchoro wa mashine hutanuka na kumeza viungo vidogo vilivyo jirani, kama alfa-kubebini.

Ukiweka polietilini glikoli, mpangilio hubadilika. Yujenoli ina kundi la haidroksili, nalo hufunga kifungo cha haidrojeni na oksijeni za glikoli, basi hubaki nyuma sana. Kariofilini, ambayo ni kaboni na haidrojeni tupu, haina cha kushikia, hutangulia. Alfa-kubebini nayo hutoka mapema, peke yake, ikaonekana. Famakopia ya Ulaya huyapima mafuta ya karafuu kwa utando wa aina hii, na hutaka yujenoli iwe asilimia 75 hadi 88, na asetati asilimia 4 hadi 15. Kasoro yake ni udhaifu: joto likikaribia nyuzi 250 huanza kuchakaa, na hewa ikipenya ukiwa moto, huharibika.

Mjuzi hashikilii mmoja. Huyapitisha mafuta yaleyale katika tando zote mbili, kama kadhi anayesikiliza mashahidi wawili, na jina la kiungo halikubali mpaka muda wake wa kutoka ulingane pande zote.

Tangu wanasayansi James na Martin walipochapisha njia ya kromatografia ya gesi mwaka 1952, mashine zimebadilika sana. Uteuzi wa utando bado unamngoja mtu. Kijana wa Pemba unayesoma kemia, usianze kwa kuuliza kolamu ipi ni bora. Uliza kwanza ni vitu gani viwili unavyotaka kuvitenganisha.