Asilimia 95 ile ilipatikanaje?

Mwaka 2018 jarida la NeuroImage lilichapisha utafiti wa Fatemeh Mokhtari, Paul Laurienti na wenzao nchini Marekani. Waliwachukua wazee wa miaka 65 hadi 79 waliozidi uzito, wakawapima ubongo kwa MRI ya utendaji (fMRI), na wazee hao wakapitia programu ya miezi 18 ya kupunguza uzito kwa kubadili mtindo wa maisha. Picha za ubongo zikatumika kutabiri nani angefanikiwa. Usahihi ulizidi asilimia 95. Ni namba kubwa mno kwa jambo gumu kama kupungua, ndiyo maana inafaa kuifuatilia hadi ilikotoka.

MRI ya aina hii haioni mawazo. Inachofuatilia ni damu. Hemoglobini iliyokwisha kuachia oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku; iliyobeba oksijeni haiuvurugi hivyo. Eneo la ubongo likichapa kazi, damu yenye oksijeni humiminika huko kupita mahitaji, na ishara hupanda. Ubongo mzima hupigwa picha tena na tena, kila baada ya sekunde chache, hadi kila eneo likawa na mstari wake wa kupanda na kushuka. Mistari ya maeneo mawili ikienda sambamba, husemwa kwamba maeneo hayo yameunganika. Huo ni muunganiko wa kitakwimu tu, na unaweza kuwepo hata pasipo neva zinazoyaunganisha moja kwa moja.

Mokhtari na wenzake hawakuishia kwenye wastani wa kipimo kizima. Walitazama pia jinsi miunganiko hiyo inavyobadilika dakika kwa dakika. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa kazi yao, kwa sababu anayejinyima chakula huvutwa, hujizuia, kisha huvutwa tena, na wastani mmoja hufuta mivutano hiyo yote. Mitandao iliyobeba utabiri ilifanana sana na ile inayohusishwa na kujidhibiti, kuuhisi mwili, na kutambua ladha, harufu na sura ya chakula. Hapakuwa na sehemu moja ya kunyooshewa kidole kwamba ndiyo makao ya ulafi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ramani moja inayotumika sana huugawa ubongo maeneo 268. Ukiyalinganisha mawili mawili unapata jozi 35,778, ilhali tafiti za namna hii mara nyingi huwa na washiriki makumi tu. Kompyuta ikipewa vipimo vingi hivyo kwa watu wachache, haikosi kuona mpangilio wa kuwatenganisha, hata kama ni wa bahati nasibu. Kinga yake ni kumficha mshiriki mmoja au kundi dogo, kuifunza kompyuta kwa waliobaki, kisha kuitaka imtabirie yule aliyefichwa. Lakini kama jozi bora zilichaguliwa kwa kuwatazama washiriki wote, aliyefichwa akiwamo, jaribio limeshaharibika: ni sawa na mwanafunzi aliyeonyeshwa mtihani jana yake. Hata pale kinga inapofuatwa vizuri, Gaël Varoquaux alionyesha mwaka huohuo wa 2018 kwamba sampuli ndogo huacha makadirio yakiyumba, mara nyingi kwa asilimia 10 hivi juu au chini. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake wakaeleza katika Nature kuwa kuhusisha tofauti za ubongo na tabia za watu kwa uhakika kunaweza kuhitaji maelfu ya washiriki.

Kuna pia suala la kichwa chenyewe. Mtu amelala chali ndani ya mashine, sponji zimembana masikioni. Akisogea chini ya milimita moja, miunganiko bandia hujitokeza kwenye data. Watu wanene, kwa wastani, husogea zaidi wakiwa humo, pengine hata kwa kupumua tu. Uzee nao hubadilisha mishipa ya damu, na damu ndiyo inayopimwa. Msomaji wa tafiti hizi aanze kwa kutafuta mahali walipoeleza namna walivyoshughulikia mambo haya mawili.

Mokhtari na wenzake wenyewe waliandika kwamba matokeo yao yanahitaji kuthibitishwa kwa data nyingine huru na kwa watu wa makundi tofauti. Naunga mkono, na ningetaka utabiri ufungwe kabla mzee wa kwanza hajapanda mizani. Tena mizani peke yake haitoshi: katika umri wa miaka 70 kilo zinazopotea huweza kuwa misuli na mifupa, kwa hiyo kinachotabiriwa kinapaswa kuwa mafuta yaliyopungua.