Anza Kutazama Nyuma ya Mtu

Wengi wakitaka kujua kama picha ya mtu ni nzuri huanza na uso, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu sura ya mtu tunayempenda huficha makosa yote. Ushauri wangu ni kuanza nyuma. Mfunike mtu kwa kiganja, utazame kilichobaki: pazia la studio, ukuta wa matofali ya kuchoma, shamba la mpunga, mlima. Kisha ufunike hicho, umtazame mtu peke yake. Kila upande ukijitosheleza bila mwenzake, hizo ni picha mbili zilizokutanishwa kwenye karatasi moja. Katika picha bora mtu na mahali wanahitajiana, wala haijalishi kama mahali penyewe ni pa kweli au pamechorwa.

Chukua Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa machweo unasimama ukingo wa nyanda za juu za Ufipa, na kila mwenye simu janja hutamani kumweka mtu mbele yake. Akifanya hivyo saa kumi na moja jioni, jua linakuwa nyuma ya mtu huyo. Simu hupima mwanga wa anga, uso hutoka mweusi tii usio na macho, na mlima wenyewe hubaki kivuli kitupu. Asubuhi mambo hugeuka. Jua likipanda kutoka upande wa ziwa, mikunjo ya ukingo huonekana mmoja mmoja, na uso hupata mwanga ule ule unaoupata mlima. Kwa hiyo kagua nukta ya mwanga ndani ya jicho, kisha kivuli cha pua, kisha kivuli cha mti ulio nyuma. Vikipingana bila sababu unayoweza kuiona, ama taa imewashwa bila hesabu, ama mtu amebandikwa.

Wapo watakaosema kwamba, kama ni hivyo, mandhari ya kweli ndiyo bora na pazia ni uongo. Sikubaliani nao. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwahi kutumia shuka la kitanda chake lenye matamvua kama pazia, na wateja wake wana haiba ambayo wapiga picha wachache wameifikia. Maua ya shuka hukutana na maua ya gauni, na mtu hubaki ametulia katikati. Karibu na kwetu, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha wa miaka ya 1990 walitundika mapazia yenye meli na ndege. Mteja aliyetoka bara kutafuta kazi alijua fika kwamba ile ni rangi. Alikuwa akichagua safari aliyotaka ndugu zake waione. Uongo huanza pale mandhari inapochaguliwa na mpiga picha peke yake, akamfanya mtu pambo, kama yale mapicha ya watalii ambamo mfugaji husimamishwa juani ili mlima upendeze.

Thandiwe Muriu wa Kenya ameusukuma ujuzi huu mbali zaidi. Katika mfululizo wake wa Camo, mwanamke huvaa kitambaa kile kile kilichotandazwa nyuma yake, na miwani iliyoundwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani. Mwili humezwa na michoro, lakini shingo, midomo na nywele hukataa kumezwa. Funika kitambaa, na hoja yote inakufa. Mpiga picha Sarah Waiswa alipita njia nyingine: mwaka 2016 alipata tuzo huko Arles, Ufaransa, kwa picha za mwanamke mwenye ualbino aliyevalishwa kwa umaridadi na kusimamishwa katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Mavazi yamepangwa, mtaa ni wa kweli, na mgongano wao ndio unaosema jinsi mtu anavyofanywa mgeni kwao. Msomaji wa Rukwa, mkoa ulioshuhudia mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, hahitaji kufafanuliwa.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa wenye studio: wateja wanalipia mandhari iliyofifishwa, na ukungu ule hupeleka jicho usoni. Ni kweli, na pale nyuma palipojaa ndoo, nyaya na bango la soda, ukungu ni huruma. Ila umegeuka mazoea ya kukwepa kazi. Mvuvi wa Rukwa akififishiwa ziwa, picha yake ingeweza kupigwa maegesho ya magari Dodoma. Kufifisha kuzuri huacha umbo: mtumbwi usomeke kuwa mtumbwi, hata kama mbao zake hazihesabiki. Chunguza pia mpaka wa nywele na masikio, maana simu hukata hapo vibaya na kuacha utepe wa ukungu kuzunguka kichwa. Na usikubali kuhukumu kwenye kioo cha simu, kinachong'arisha kila kitu. Omba picha iliyosafishwa kwenye karatasi, uipeleke kwenye mwanga wa dirisha, utazame pale koti jeusi linapokutana na kivuli. Mpaka ukionekana, mpiga picha alijua anachokifanya.