Alama ya Wino Tumboni

Kabla mpasuaji hajashika kisu, kuna kazi ya kalamu. Muuguzi wa stoma humlaza mgonjwa chali, akampapasa tumbo kuutafuta msuli ulio kando ya kitovu, akamketisha, akamsimamisha, akamwambia ainame. Kila mkao hufichua mikunjo iliyofichwa na mkao uliotangulia. Kisha huuliza: mama, kanga unaifungia wapi? Hapa ukiinama unapaona mwenyewe? Akiridhika hutia alama, na hapo ndipo utumbo utakapotolewa nje; tundu hilo ndilo stoma.

Naiheshimu alama hiyo kuliko mashine nyingi za hospitali. Anayeitia ameshamfikiria mtu atakayepanda daladala, atakayerukuu na kusujudu, atakayelala na mwenzi wake. Stoma ikiangukia kwenye mkunjo, mfuko wa kupokea kinyesi haushiki. Na usiposhika, kinyesi cha utumbo mwembamba, chenye vimeng'enya vya kusaga chakula, huila ngozi. Mtu aliyenusurika kifo hujifungia ndani kwa kuogopa kuvuja.

Aliyeianzisha fani hii ya uuguzi wa stoma alikuwa mgonjwa. Norma Gill, mama wa Akron, Ohio, aliteswa na vidonda vya utumbo mpana mpaka 1954, alipofanyiwa upasuaji na Rupert Turnbull katika Cleveland Clinic, akatoka na stoma. Hakuwa muuguzi. Alijifunza kuishi nayo, akaanza kuwafundisha wengine. Mwaka 1958 Turnbull akamwajiri, na 1961 mafunzo rasmi yakaanza hospitalini hapo. Nampenda Turnbull kwa hilo: alikiri kuwa mgonjwa aliyempasua anajua jambo ambalo yeye, na ubingwa wake wote, halijui.

Baadaye fani ilibeba pia vidonda sugu na watu wasioweza kuzuia mkojo au haja kubwa. Kwenye vidonda inabidi kupingana hata na mazoea ya nyumbani. Wengi tumelelewa tukiambiwa kidonda kipigwe upepo kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kuwa jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu hujifunika ngozi mpya upesi kuliko lililoachwa wazi.

Lakini ustadi wenyewe huuona siku mgonjwa anapobadilisha mfuko kwa mara ya kwanza. Stoma ni nyekundu na mbichi kama upande wa ndani wa shavu, na wengi hugeuza uso. Muuguzi hamharakishi. Humpa kipimo mkononi, humwonyesha namna ya kukata tundu la mfuko lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu, humweleza kwamba wiki za mwanzo itasinyaa na atalazimika kupima tena, na kwamba ikigeuka nyeusi aje mbio. Anayasema hayo bila kukunja pua, na mgonjwa anamtazama usoni kuliko anavyotazama mfuko. Utulivu huo hupatikana kwa miaka ya kurudia kazi ileile. Ndiyo maana huniuma ninaposikia muuguzi aliyeiva hivyo amehamishiwa wodi nyingine kujaza zamu.