Mkono Mmoja Umeshika Kamba

Bibi yangu wa Berega, huko Ukaguru, alikuwa na hadithi moja ya mto. Aliisimulia msimu wa kupukuchua mahindi, maana kazi ile huchosha vidole na kuacha masikio bure. Mtu anavuka Mkondoa, mto umefura. Ndani ya mtumbwi yumo yeye, mkewe, dada yake na mama mkwe. Katikati mtumbwi unapinduka. Amtoe nani?

Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, haimalizi hata gunzi moja. Usiku uliobaki ulikuwa wa maswali yetu, na hapo ndipo ufundi wa Bibi ulipoonekana. Kwani hawajui kuogelea? Dada anajua, ila ana mtoto mgongoni. Si washike mtumbwi? Mtumbwi umeshakwenda na maji. Watu wa ng'ambo je? Wamerusha kamba, mkono mmoja umeshika kamba, umebaki mmoja. Kila mwanya tuliouona, yeye alikuwa ameshauziba, tena bila kupandisha sauti, punje zikiendelea kudondoka kwenye ungo.

Mtu wa mbali atadhani jibu ni jepesi: mke. Ukaguru si hivyo. Wakaguru huhesabu ukoo kwa mama. Watoto utakaozaa na mkeo ni wa ukoo wake. Wa kwako ni wapwa, wana wa dada. Ukimwacha dada majini umeuacha ukoo wako majini. Na mama mkwe, ambaye kwa heshima hata njiani unampisha, leo umshike kiunoni mbele ya watu? Mjomba wetu alijibu upesi: dada. Mkewe alikuwa akipepeta pale pale. Hakusema neno, lakini siku ile chakula kilichelewa.

Binamu yangu mmoja, mtoto wa kujiamini, alisema yeye angewatoa wote. Bibi akamtazama. "Haya, watoe." Akachukua gunzi jingine, akangoja. Binamu akaanza: kwanza ningemshika huyu, halafu... halafu... Kimya kile nakisikia hadi leo.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru tangu mwishoni mwa enzi za ukoloni na kukusanya ngano nyingi za huko, alichapisha mwaka 1986 kitabu ambacho jina lake linataja ubunifu wa Wakaguru katika kuwaza maadili. Sina ugomvi na jina hilo. Bibi mwenyewe nadhani angesema alikuwa anapukuchua.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mpwa wangu. Anapenda zile gemu ambazo mchezaji huvaa mhusika, akatembea dunia nzima akiamua nani apone na nani aangamie. Nilikaa naye jioni moja akicheza Dragon Age: Origins, gemu ya mwaka 2009. Ndani ya ngome kuna mtoto, Connor, amepagawa na pepo, na watu wanakufa kwa sababu yake. Unaweza kumuua mtoto. Unaweza kumwachia mama yake afe badala yake, kwa uchawi wa damu. Nikajikuta nimeinama mbele kama enzi za ungo. Kisha mpwa akanionyesha njia ya tatu: unafunga safari hadi mnara wa wachawi, unaomba msaada, unarudi, mtoto anapona, mama anapona. Unaonywa kuwa kuondoka ni hatari, kwamba pepo anaweza kufanya lolote nyuma yako. Unarudi, hakuna kilichotokea. Pepo amekungoja kama mgeni mstaarabu.

"Sasa si vizuri, anko?" aliniuliza. "Wote wamepona."

Ni vizuri. Mimi si katika wale wanaoona kwamba hadithi isiyoua mtu haina uzito. Kuna mafumbo yaliyotengenezwa ili yafumbuliwe, na raha yake ni hiyo. Lile la chui, mbuzi na majani, mwenye mtumbwi hufika na vyote vitatu, sharti akubali kumrudisha mbuzi alikokwisha kumtoa. Anapiga safari saba. Jasho lake limo ndani ya jibu. Kinachonikera kwa yule pepo ni kwamba njia ya tatu haikugharimu hata usiku mmoja, na ikishakuwepo, zile mbili za kwanza zinakuwa za wajinga. Hakuna tena anayechagua. Kinachobaki ni kujua au kutojua njia ilipo, na mpwa alishaisoma mahali.

Waila wa Zambia wana mvukaji wao, ambaye Edwin Smith na Andrew Dale walimwandika katika kitabu cha 1920. Huyu ana chui, mbuzi, panya na kapu la nafaka, na mtumbwi wa kubeba yeye na kimoja tu. Hesabu haitoki. Angemwacha panya, au chui, fumbo lingekuwa jepesi kama la kwetu. Lakini wanyama wale kwake ni kama watoto. Basi havuki. Anabaki ng'ambo aliyoko. Kila nikifikiria hadithi hiyo namwona mtu ameketi ukingoni, chui pembeni, na wala sioni kwamba ameshindwa.

Njia ya tatu ya kweli nimeiona Berega kwetu, pale karibu na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Kuna nyumba ya watoto waliofiwa na mama zao, wengi katika uzazi. Mtoto mchanga asiye na ziwa la mama, nyumbani anaweza kufa. Na akilelewa na wageni atapona, lakini atawasahau watu wake. Walezi wa pale wakawaza. Mtoto analetwa pamoja na binti wa ukoo wake, labda dada, labda mama mdogo, anayeishi naye pale, akimlisha na kumbeba, mpaka akue kidogo arudi nyumbani akiwajua walio wake. Mtoto yu hai, ukoo haukukatika. Huo ni mwisho mwema usio na doa, ukimtazama mtoto. Mtazame binti sasa, na siku zake za usichana anazozitumia kufua nepi za mtoto wa dada yake. Fundi wa gemu akinijengea njia ya tatu yenye binti ndani yake, nitaicheza usiku kucha.

Wapo waliokaribia. Undertale, gemu aliyoitengeneza Toby Fox mwaka 2015, inakuruhusu umalize bila kuua kiumbe hata kimoja, na mwisho wake ni wa furaha tele. Lakini ukiwa umewahi kuwaua wote, kisha ukarudi kuanza upya ukijifanya mwema, gemu inakumbuka, na furaha ile inaingia doa. Bibi naye ndivyo alivyokuwa. Ukija na jibu la jana, leo kamba imekuwa mbovu.

Jioni ile mpwa alipozima mashine nilimsimulia hadithi ya mto. Ni mwana wa dada yangu. Jibu langu alishalijua kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo hakuniuliza ningemtoa nani. Alifikiri kidogo, akauliza kitu ambacho sisi sote, miaka yote ile, hatukuwahi kumuuliza Bibi.

"Hiyo kamba ina urefu gani?"

Sikuwa na jibu la kurithi. Nilimtazama, nikaona anavyosogea mbele, tayari ameshawafunga wote watatu kichwani mwake na kuwavuta ng'ambo.

"Haiwafikii," nikasema.