Balangiga: Hadithi Inaanzia Wapi?

Uhakiki wa masimulizi ya vita aghalabu hushughulikia wahusika na maudhui, ukasahau kipengele cha msuko kinachobeba itikadi kwa siri, yaani mahali hadithi inapoanzia. Maandishi ya Kimarekani kuhusu mji wa Balangiga, kisiwani Samar nchini Ufilipino, yanalidhihirisha jambo hili.

Asubuhi ya tarehe 28 Septemba 1901, wenyeji wakiongozwa na mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, waliwavamia kwa mapanga askari wa Kombania C ya Rejimenti ya 9 ya Marekani waliokuwa wakistaftahi. Kengele za kanisa zililia. Kati ya askari 74, walikufa 48. Kitabu cha ushuhuda wa manusura alichokikusanya James O. Taylor mwaka 1931 kinaliita tukio hilo mauaji ya halaiki tangu kwenye anwani. Neno hilo hutoa hukumu kabla ya ukurasa wa kwanza kufunuliwa, kwani anayeuawa katika mauaji ya namna hiyo hudhaniwa hana silaha wala kosa. Ilhali hadithi ikirudishwa nyuma siku chache tu, msuko hugeuka. Kapteni Thomas Connell alikuwa amewakamata wanaume wa mji, akawasonga hemani na kuwatumikisha kwa shuruti. Mapanga yao yalitwaliwa, na mchele wao vilevile. Hapo staftahi huwa kilele, na tendo la Abanador huwa shambulizi la kujibu.

Joseph Schott, katika The Ordeal of Samar (1964), anatanua uwanja. Hata hivyo, anwani yataja mateso ya Samar, huku mhusika mkuu akiwa Meja Littleton Waller, aliyeshtakiwa mwaka 1902 kwa kuwaua Wafilipino 11 bila kesi, akaachiliwa. Mateso ya nani, basi?

Sheria ya Ufilipino ya mwaka 1989 ilichagua neno makabiliano. Neno hili limeondoa lawama, lakini limeondoa pia dhamira: watu huweza kukabiliana hata kwa sadfa, na Abanador pamoja na Kapteni Eugenio Daza walipanga.

Baada ya shambulizi, Jenerali Jacob Smith aliamuru auawe kila awezaye kubeba silaha, kuanzia umri wa miaka 10. Mahakama ya kijeshi ilimpa onyo mwaka 1902. Kengele zilizotwaliwa kama nyara zilirejeshwa Desemba 2018. Baadhi ya wanahistoria wa Kifilipino huona kwamba anwani ya Taylor inaifaa zaidi hatua ya kisasi iliyotokana na amri ya Smith.